Ngoma Mbele ya Boma

Katika mwezi wa Aprili 1948 wanawake wapatao 2,500 wa wilaya iliyokuwa ikiitwa Fort Hall, ambayo ndiyo Murang'a ya leo, walishika njia kutoka vijijini mwao hadi makao makuu ya wilaya, wakiimba na kucheza, na walipofika walitangaza mbele ya kila mwenye masikio kwamba hawatachimba tena mitaro ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, kwa kuwa kazi waliyokuwa nayo majumbani iliwatosha. Habari hii hatukuipokea kwa vinywa vya wazee peke yake. Maofisa wa serikali waliiandika wenyewe katika taarifa yao ya mwaka, kwa kalamu ya mtu asiyejua kama imempasa kucheka au kughadhibika.

Kwamba walikataa kazi, hilo ni dhahiri na halina mbishi. Linalobishaniwa ni kule kucheza. Je, ngoma ile ilikuwa ndiyo hoja yenyewe, au ilikuwa pambo la hoja, kitu ambacho kingeweza kuondolewa na maana ikabaki nzima? Sikuona vyema kulijibu swali hili peke yangu, maana kila nilipolijibu upande mmoja wangu ulinung'unika. Kwa hiyo nimewaketisha katika fikira wanenaji watano, ambao hawana majina wala hawasimami mahali pa mtu yeyote aliye hai. Mmoja ni Mwalimu mstaafu wa historia, mkazi wa Kahuro. Wa pili ni Kasisi wa kanisa la mjini. Wa tatu ni Mgeni, mzaliwa wa Mombasa aliyeoa huku na kufungua duka la nguo karibu na kituo cha magari, ambaye baada ya umri mrefu bado huitwa mgeni. Wa nne ni mkulima wa kahawa wa pande za Kangema, ambaye wote humwita Cucu, yaani bibi. Wa tano ni Msichana, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Nyeri. Kasisi ndiye aliyeomba kutangulia.

KASISI: Nitaanza kwa kukanusha, ili wenzangu wapate kitu cha kubomoa. Siasa, kwa kadiri ya maarifa yangu, ni elimu ya mambo yadumuyo: sharia, milki, kodi, mkataba na mahakama, na ngoma ni jambo lipitalo, ambalo jasho lake likikauka haliachi hata waraka mmoja wa kumwonyesha hakimu. Chama cha Kikuyu Central Association, kilichozaliwa katika wilaya hii hii mwaka 1924, hakikuwatetea watu kwa mabega na viuno. Kiliandika maombi, kikachanga fedha, na mwaka 1929 kikampeleka Jomo Kenyatta London akiwa na karatasi mkononi. Tena nachelea jambo kubwa zaidi. Hasira ya watu ni mali yao, na ngoma huitapanya mali hiyo bila hesabu. Mtu aliyecheza tangu alfajiri hadi magharibi hurudi kwake amechoka na kuridhika, ilhali aliyemdhulumu hulala usingizi mnono.

MWALIMU: Kasisi, hizo karatasi ulizozitaja nimezisoma na nimewasomesha vijana wengi, nami sizidharau. Lakini niruhusu nieleze kwanza kazi ile ilikuwa kazi gani, maana bila hilo tutazungumza juu ya ngoma kana kwamba ilianguka kutoka mbinguni. Baada ya vita vikuu vya pili serikali iliingiwa na hofu ya kweli juu ya udongo wa nchi hii, na udongo ulikuwa ukichukuliwa na mito kwa kweli; walakini chanzo cha msongamano uliouchosha udongo, yaani ardhi iliyotwaliwa na walowezi na mipaka iliyowafungia watu katika hifadhi zao, hakikuguswa, bali dawa ilitafutwa katika mikono ya wale waliobaki nyumbani. Na waliobaki ni nani? Wanaume wengi walikuwa Nairobi na katika mashamba ya Wazungu wakitafuta fedha ya kodi. Basi asubuhi za kazi ya lazima ziliwaangukia wanawake, chini ya macho ya machifu na wasaidizi wao, pasipo ujira, juu ya kulima, kuteka maji, kutafuta kuni na kulea. Katika Julai 1947 mkutano mkubwa uliofanywa hapa mjini uliamua kwamba wanawake wasichimbe tena, na kazi ikasimama. Ilipotakiwa kufufuliwa, ndipo wakaja wakicheza.

Sasa fikirini serikali ilitaka nini kwa wanawake wale. Sahihi zao haikuzitaka, kwa kuwa wengi hawakufundishwa kuandika. Kura zao haikuzitaka, kwa kuwa hawakuwa nazo. Ilitaka migongo yao iiname na mikono yao ishike jembe, wala haikuwa na haja na kitu kingine chochote kilichokuwa chao. Na migongo ile ile, katika saa ile ile iliyopasa kuwa imeinama mashambani, ikaja kusimama wima mbele ya boma na kutikisika kwa furaha yake yenyewe. Kasisi, waraka gani ungeweza kusema hayo? Kilichodaiwa kilikuwa mwili, na jibu likatolewa na mdaiwa huyo huyo. Mwezi uliofuata, wachache wao walipokamatwa kwa amri ya chifu, kundi kubwa la wanawake wenzao lilikwenda na fimbo na vigelegele likawatoa.

MGENI: Maneno ya Mwalimu ni matamu, nami niliyezaliwa katika mji wa ngoma sina budi kuyapenda, lakini pwani tumeicheza siasa kwa muda mrefu kuliko bara, na mapenzi yangu yana wasiwasi. Mababu zetu wa Mombasa na Lamu walicheza beni. Walijipanga safu kama askari, wakavaa makoti ya kijeshi, wakatunukiana vyeo vya Wazungu, wakapiga matarumbeta, na kila mtaa ukataka kuutia mtaa wa pili aibu kwa mavazi na karamu. Mombasa kulikuwa na vyama vya Kingi na Skochi, na kwengineko, hadi Tanganyika, Marini na Arinoti. Watawala walishindwa kwa muda mrefu kukata shauri kama ile ilikuwa dhihaka, au mahaba ya kuwaiga, au njama. Beni ikafuata askari na wachukuzi katika vita vya kwanza, ikapenya bara, na mwaka 1935 wachimba shaba wa Rhodesia ya Kaskazini walipogoma, tume ya uchunguzi iliulizia sana habari za vyama vya ngoma hiyo.

Kwa nini iliulizia? Nadhani watawala hawakuwa wajinga. Waliona kwamba nyuma ya safu zile kuna mwenyekiti, mweka hazina, daftari la michango, adhabu ya mchelewaji, na desturi ya kumzika mwenzao akifa ugenini. Kwa hiyo mimi husema siasa haikuwa katika hatua za mguu. Ilikuwa katika daftari. Mtazameni Bibi Titi Mohamed wa Dar es Salaam, aliyekuwa mwimbaji wa kundi la ngoma liitwalo Bomba. Mwaka 1955, TANU ilipotaka wanawake, hakwenda kuwahutubia watu asiowajua; aliwaendea viongozi wa vyama vya ngoma, nao wakaja na watu wao, na katika muda wa miezi michache chama kikapata wanachama wanawake wapatao 5,000, kabla hata viongozi wanaume hawajajua namna ya kuzungumza nao. Ngoma ilikuwa imewakusanya tayari. Hapo nampa Kasisi nusu ya ushindi: cheza utakavyo, kama huna daftari umepunga upepo.

Kasisi akapokea nusu yake kwa kutikisa kichwa. Nami nakiri kwamba hoja ya Mgeni ndiyo iliyonielemea kwa muda mrefu kuliko zote, maana ni hoja ya mtu mwenye duka, na watu wenye maduka huona mambo ambayo wenye vitabu huyapita.

CUCU: Mgeni, wewe umeoa kwetu lakini hukuwahi kushika jembe la ngwatio, na ndiyo sababu unalitafuta daftari. Sisi daftari letu ni zamu. Leo tunalima kwangu, kesho kwa jirani, kesho kutwa kwa yule aliyejifungua ambaye hawezi kuja. Na asiyekuja bila sababu hujulikana na kila mtu pasipo kuandikwa. Unadhani wanawake 2,500 waliitwa kwa barua? Waliitana mtoni na sokoni. Nalo lile la kucheza si jambo dogo, kwa maana unapotembea kutoka Kangema au Kahuro hadi mjini, njia ni ya kupanda na kushuka, una mtoto mgongoni, na katika kila kona anaweza kutokea msaidizi wa chifu akamwita mmoja kwa jina lake: wewe, mke wa fulani, rudi nyumbani. Mtu aliye katika safu, ambaye sauti yake imo ndani ya sauti ya wenzake na mguu wake unangojewa na mguu wa mwenzake, haitiki kwa urahisi. Mama yangu alituambia hivyo. Ngoma iliwazuia wasihesabiwe mmoja mmoja.

MSICHANA: Cucu, naomba radhi, maana nitasema jambo ambalo halipendezi kutajwa mbele ya wazee. Mnazungumza kana kwamba ngoma ikishakuwa dhidi ya mkoloni basi imetakasika. Katika mwisho wa mwaka 1929 nchi hii yote, Murang'a na Nyeri na Kiambu, iliwaka moto wa Muthirigu. Tulifundishwa shuleni kwa fahari kwamba ilikuwa ngoma ya ukaidi: iliwakejeli wamisionari, iliwakejeli maofisa wa wilaya na machifu, iliwasifu viongozi wa Kikuyu Central Association, na serikali ikaipiga marufuku mapema mwaka 1930, wengine wakafungwa kwa kuicheza. Yote hayo ni kweli. Lakini ngoma ile ilikuwa ikitetea nini? Ilitetea ukeketaji wa wasichana, na pamoja na wamisionari iliwatukana na kuwatisha wasichana ambao hawakukatwa, wakidhihakiwa njiani na kuambiwa kwamba hawataolewa. Mwalimu asema mwili ulidaiwa na ukajibu. Katika Muthirigu mwili wa nani ulidaiwa, na mwili wa nani ulijibu? Waliocheza walikuwa wengine, na uliokuwa ukigombewa ulikuwa wa msichana wa umri wangu au chini yake, ambaye hakuna aliyemuuliza.

MWALIMU: Binti yangu, umesema kweli, na aibu ni kwetu sisi tuliosomesha habari hiyo nusu. Niongeze la upande wa pili tu, ili picha ikamilike, wala si ili kuifuta. Misheni ya Kiskoti ya Tumutumu na ya Thogoto, na misheni nyingine zilizofuatana nayo, ziliwataka waumini watie kidole cha gumba kwenye kiapo cha kuikataa desturi ile na kukikataa chama. Waliotia kidole wakaitwa kirore, na waliokataa wakaondoka makanisani na kuwatoa watoto shuleni. Kutokana na kuondoka huko zikazaliwa shule za kujitegemea, ambazo wananchi walizijenga kwa mikono yao katika wilaya zote hizi. Basi pande zote mbili zilishindana kwa habari za heshima, dini na ardhi, na uwanja wa shindano ukawa mwili wa msichana.

MSICHANA: Na hata wasichana wenyewe walipoushika uwanja huo, Mwalimu, matokeo yake yanatatanisha. Huko Meru, ng'ambo ya mlima, baraza la Njuri Ncheke lilipopiga marufuku ukeketaji mwaka 1956, wasichana kwa maelfu walikatana wao kwa wao kwa ukaidi. Ndio wale walioitwa Ngaitana, yaani nitajikata mwenyewe. Walikataa amri kwa miili yao. Je, niwasifu? Mimi nasimama na sharia ya mwaka 2011 iliyoharamisha kitendo hicho, nami najua kwamba kama ningaliishi wakati ule huenda ningalikuwa mmoja wao.

Hakuna aliyemjibu, nami nadhani hakuna jibu. Wanaoandika juu ya ngoma za ukombozi hupenda kuipita Muthirigu kwa mwendo wa haraka, wakimtazama mmisionari aliyedhihakiwa na kumwacha msichana nyuma yake. Kama mwili unaotembea unaweza kuwa hoja, basi imetupasa kukubali kwamba unaweza kuwa hoja mbovu, kama vile maandishi yanavyoweza kuwa fasaha na yakawa ya batili.

KASISI: Basi niruhusiwe kuendelea pale alipoachia Binti, maana ameibeba hoja yangu kuliko nilivyoibeba mwenyewe. Mimi nasema ngoma haina uaminifu. Tulipopata uhuru, ngoma ile iliyomkejeli mtawala ilihamia nyumbani kwake. Nani asiyewakumbuka akina mama wa Nyakinyua, waliokuwa wakicheza mbele ya Mzee Kenyatta, ambao jina lao likaingia hata katika makampuni ya kununua ardhi? Nani amesahau enzi ya Rais Moi, ambapo hapakuwa na sherehe ya taifa, wala safari ya kiongozi kutua uwanja wa ndege, pasipo safu za wanawake waliosimama juani tangu asubuhi, wakingoja kutikisa mabega kwa dakika chache za msafara upitao? Miguu ni ile ile, vigelegele ni vile vile. Cucu, wewe mwenyewe hukuwahi kucheza?

CUCU: Nilicheza. Nilicheza mara nyingi. Tulipelekwa kwa lori, tukapewa leso na soda, na mwenyekiti wa kikundi akapewa bahasha ambayo hatukuiona ilikokwenda. Sitasema nililazimishwa kwa bunduki, na sitasema sikufurahi, kwa maana kutoka nyumbani siku moja na kuimba na wenzako ni furaha hata kama unamwimbia mtu usiyemjali. Lakini sikuwa nimechanganyikiwa, Kasisi. Siku ile niliambiwa njoo, nikaja. Nikaambiwa simama hapa, nikasimama. Nikaambiwa basi, nikanyamaza katikati ya wimbo, kwa sababu mheshimiwa amekwisha shuka garini na anataka kusema. Mama yangu na wenzake waliichagua siku yao wenyewe, wakaja mahali ambapo hawakualikwa, na hakuna afisa aliyejua wimbo utakwisha saa ngapi. Huna haja ya kusoma historia kuzijua tofauti hizo. Zipo magotini.

MGENI: Hapo umenipokonya daftari langu, Cucu. Vyama vya Nyakinyua navyo vilikuwa na mweka hazina.

MWALIMU: Na tukitaka mfano ulio mkali zaidi wa mwili usioalikwa na mtu yeyote asiyekuwa mwenyewe, hatuna haja ya kutoka Murang'a. Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa mtu wa Weithaga. Machi 16, 1922, siku mbili baada ya kiongozi wa siasa Harry Thuku kukamatwa, maelfu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi. Wajumbe wanaume wakaenda kuonana na serikali, wakarudi na ushauri kwamba watu watawanyike. Watu walikuwa wameanza kutawanyika, ndipo Nyanjiru alipojitokeza mbele, akaipandisha nguo yake juu hadi mabegani, akawaambia wanaume wavae nguo zake na kumpa yeye suruali zao. Kitendo hicho kwetu huitwa guturama, nacho ni laana ya mwisho aliyo nayo mwanamke aliyezaa. Vigelegele vikapaa, umati ukausukumia mlango, bunduki zikalia. Serikali ilihesabu waliokufa kuwa 21, na wengine walihesabu zaidi sana. Nyanjiru alikuwa miongoni mwao.

Miaka sabini baadaye, katika pembe moja ya Uhuru Park, akina mama waliokuwa wakifunga kula ili watoto wao waliofungwa kwa siasa waachiwe, na pamoja nao Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe huko Nyeri, walivamiwa na polisi kwa virungu na moshi wa machozi. Ilikuwa Machi 3, 1992. Maathai alipigwa hadi akazirai, na baadhi ya mama wale wakavua nguo zao mbele ya vijana wenye virungu, wakiwaonyesha walikotoka.

KASISI: Na ni kanisa kuu la All Saints lililowafungulia mlango baada ya hapo, wakakaa humo kwa karibu mwaka mzima, hata wafungwa walio wengi wakaachiwa. Naomba hilo nalo litiwe katika kumbukumbu.

MWALIMU: Limetiwa, tena kwa shukrani. Lakini kanisa lilifungua mlango kwa sababu kulikuwa na watu nje ya mlango.

MGENI: Kwetu pwani mambo hayo ya kuvua nguo hayasemeki, wala sitajifanya kuwa yananipendeza kuyasikia, sisi tumelelewa katika staha, na mwanamke mwenye hasira hujifunika zaidi. Lakini naona jambo. Laana ile ina nguvu kwa anayeiogopa tu. Askari wa 1922 walipiga bunduki. Vijana wa 1992, ambao walikuwa na mama zao, wengine waligeuza nyuso. Kwa hiyo mwili hausemi lugha ya walimwengu wote, kama wanavyodai mashabiki. Una mahali pake, una wasikilizaji wake, na mbele ya asiyeifahamu lugha hiyo ni nyama tu.

Nilimwandikia Mgeni maneno hayo nikatamani kuyafuta, kisha nikayaacha, maana ni kweli na yanachoma. Ningeongeza shahidi mmoja ambaye hakualikwa katika baraza hili. Serikali yenyewe haikuwahi kuona shaka juu ya ngoma. Kenyatta aliandika katika Facing Mount Kenya, mwaka 1938, kwamba nyimbo na ngoma za ituika, sherehe ambayo kwayo rika moja la watawala hulikabidhi rika jingine nchi, zilikatazwa na Waingereza katika miaka ya ishirini. Nayo serikali ya mwandishi huyo huyo iliifuta leseni ya mchezo wa Ngaahika Ndeenda uliochezwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamirithu, Limuru, mwaka 1977, ikamtia Ngũgĩ wa Thiong'o kizuizini siku ya mwisho ya mwaka huo. Na mwaka 1982, kundi lile lile lilipotayarisha Maitu Njugira, mchezo uliojaa nyimbo na ngoma za zama za ukoloni, lilifungiwa milango ya ukumbi wa taifa, kisha jukwaa lao la kijijini likabomolewa. Kasisi asemapo kwamba ngoma haina uzito, aulizwe kwa nini waliokuwa na bunduki waliipima mara nyingi namna hiyo.

KASISI: Sikusema haina uzito, nimesema haina uaminifu wala haidumu. Nami nitampa Binti nafasi ya kunikana, kwa kuwa yeye ameicheza ya juzi.

MSICHANA: Nimeicheza. Juni 2024 tulitoka barabarani mjini Nyeri, katika eneo ambalo miaka miwili tu kabla yake lilimpigia kura Rais Ruto kwa wingi mkubwa, kuukataa Muswada wa Fedha. Na wimbo uliotuvuta haukutungwa kwa ajili ya siasa hata kidogo. Ulikuwa Anguka Nayo, wimbo wa sherehe, wenye mtindo wa kushuka chini kwa magoti wote pamoja na kuinuka. Mtu akiniuliza ulifanya kazi gani, nitamwambia ukweli bila kuutia chumvi: ulituondolea hofu kwa dakika chache kwa wakati mmoja, na dakika hizo zikiunganishwa zilitosha kuvuka mtaa. Tena ulionyesha kwamba mikono yetu ni mitupu, maana mtu aliyechuchumaa akicheka hawezi kuitwa jeshi. Lakini risasi hazikuuliza. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu watu 39 waliouawa nchini hadi mwanzoni mwa Julai. Na lipo jambo jingine linaloniudhi: wapo waliokuja na simu, wakacheza mbele ya kamera, wakapata watazamaji wengi na kuondoka, wakatuachia moshi.

KASISI: Na muswada?

MSICHANA: Rais alikataa kuutia sahihi siku moja baada ya bunge kuvamiwa. Sitasema ni ngoma iliyouangusha, Kasisi. Lakini bila ile ngoma wengi wetu tungalikuwa nyumbani tukiusoma muswada.

KASISI: Basi na mimi niseme la mwisho, ambalo Mwalimu, kwa mapenzi yake, ameliruka. Mwaka 1948 wanawake walicheza na mitaro ikasimama. Je, ilisimama milele? Ikaja Hali ya Hatari, Oktoba 1952. Kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja wa nchi hii walihamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa, na wanawake wale wale, au binti zao, wakatolewa asubuhi chini ya bunduki kwenda kuchimba mitaro ile ile iliyokataliwa. Milima ya Murang'a ilichorwa mistari katika miaka michache kuliko ilivyowahi kuchorwa. Na udongo ulishikika, na juu ya mitaro hiyo ikapandwa kahawa, ambayo Mwafrika alikuwa amenyimwa. Cucu anaishi kwa kahawa hiyo. Nani basi alishinda ubishi ule wa Aprili, aliyecheza au aliyekuwa na bunduki?

CUCU: Kasisi amesema kweli, na mimi siwezi kuipinga kwa sababu nimeikalia. Kahawa yangu imesimama juu ya mitaro aliyochimba mama yangu, naye aliichimba akirudi jioni kuhesabiwa langoni. Na mvua za Aprili zikishuka, udongo wangu unabaki kwangu, haupiti kwa wengine. Lakini upande wa chini wa shamba nimechimba mitaro mingine, ile ya fanya juu, mimi na wanawake wa kikundi chetu, kwa ngwatio, shamba kwa shamba, tukiimba, na hakuna aliyesimama nyuma yetu. Ukija nitakuonyesha yote miwili na huwezi kuijua tofauti kwa macho. Wale wa 1948 hawakusema mitaro ni mibaya. Wakulima gani hao wasiojua udongo ukichukuliwa na maji? Walisema kazi waliyo nayo inawatosha. Hilo ni neno la kuulizwa: kazi gani, kiasi gani, tukupunguzie ipi ili hii nayo ifanyike? Angetokea mtu mmoja katika boma lile akauliza hivyo, labda bunduki isingalihitajiwa kwa ajili ya mtaro. Walikuja 2,500, wakacheza mbele ya madirisha yake, na hakuuliza. Sasa wewe niambie, unayependa karatasi: wangaliandika barua, angaliuliza?

KASISI: Angalijibu, Cucu. Baada ya miezi sita, kwa Kiingereza.